Bei ya kitunguu hupangwa Namanga, bei ya saumu hupangwa Jinxiang

Msomaji wetu wa Mang'ola, wilaya ya Karatu, ameandika hivi:

"Shikamoo mzee. Nalima kitunguu maji ekari 2 za kumwagilia. Desemba 2023 nilivuna magunia kama 110. Siku hizo hizo kaka yangu aliyeko Nairobi akanitumia habari kwamba India imefunga kuuza vitunguu nje. Nikajua bei ya dunia inapanda, nikazuia mzigo ghalani. Kufika Februari karibu nusu umeoza, na mwingi wa uliobaki umechipua. Msimu uliofuata nikaogopa, nikauza Septemba siku ya kung'oa, kwa bei ya kutupa. Sasa nafikiria kuachana na kitunguu maji nihamie saumu kama ndugu zetu wa Mbulu, maana sokoni kilo moja ya saumu inanunua kilo kadhaa za kitunguu. Je, haya mambo ya soko la dunia yananigusa vipi mimi wa huku? Na saumu itanifaa?"

Marahaba, kijana wangu. Pole kwa mzigo. Kuona gunia linalowa kitako, na wewe mwenyewe ndiye uliyekataa kuliuza, kunauma kuliko kuibiwa.

Kaka yako hakukudanganya. India ilifunga kweli, tarehe 8 Desemba 2023. Ila habari ile haikuwa ya soko lako. Dunia nzima huvuna kitunguu maji zaidi ya tani milioni 100 kwa mwaka, na kinachovuka mpaka kutoka nchi moja kwenda nyingine hakifiki hata moja ya kumi. Kingine chote huliwa kwao. Kitunguu ni mzigo mzito, wa bei ndogo, umejaa maji na unaoza. Hausafirishwi mbali mpaka mtu awe amekosa kabisa wa karibu. Ndiyo maana kitunguu hakina bei moja ya dunia kama kahawa au pamba. Kina mabwawa. India, Bangladesh, Sri Lanka, Malaysia na nchi za Ghuba ni bwawa moja. Uholanzi na Afrika Magharibi ni jingine: Waholanzi huuza nje karibu kitunguu chao chote, na meli nyingi zinaelekea Senegal na Ivory Coast. Sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda tuna bwawa letu, na mawimbi ya bwawa la jirani hutufikia kama viwimbi vidogo tu, yakifika.

Hata hivyo nitakusimulia ya India kidogo, kwa sababu yaliyowakuta wakulima wa kule yatakusaidia kuelewa yako.

Wahindi huvuna mara tatu kwa mwaka. Mavuno makubwa ni ya rabi, yanayotoka shambani kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, na hayo hubeba takriban asilimia 70 ya kitunguu cha mwaka mzima. Ndiyo pia yanayowekeka vizuri. Vitunguu vya Aprili ndivyo vinavyolisha nchi hadi Oktoba au Novemba, vikisubiri mavuno ya kharif, yaani yale ya mvua, yaingie sokoni. Kitunguu cha kharif hakina subira, kikivunwa kiliwe. Kwa hiyo kila mwaka, kati ya Septemba na Novemba, India nzima huning'inia kwenye uzi: maghala yanakwisha na shamba bado halijatoa. Uzi huo ukikatika, watu wenye kelele wawili husimama kwa pamoja, mama wa nyumbani na mwanasiasa. Mwaka 1998 chama kilichokuwa kikitawala Delhi kilishindwa uchaguzi wa jimbo, na bei ya kitunguu ndiyo iliyotajwa na kila mtu. Tangu hapo hakuna serikali ya India inayocheka kitunguu kikipanda.

Sasa tazama mwaka 2023 ulivyokwenda. Februari bei ilikuwa imekufa kabisa. Mkulima mmoja wa wilaya ya Solapur, jimbo la Maharashtra, alisafirisha kilo 512 umbali wa kilomita 70 hivi hadi mnadani. Akapewa rupia 1 kwa kilo. Wakakata usafiri, wakakata wapakuaji, wakakata mizani, mwisho akakabidhiwa hundi ya rupia 2. Na hundi yenyewe ilikuwa ya tarehe ya mbele. Miezi 6 baadaye, Agosti ikawa kavu kuliko Agosti yoyote India tangu waanze kuweka kumbukumbu mwaka 1901, kharif ikachelewa, bei ikaanza kupanda. Mkulima aliyekuwa bado na kitunguu cha Aprili akasema sasa na mimi nipumue. Tarehe 19 Agosti serikali ikaweka ushuru wa asilimia 40 kwa kitunguu kinachotoka nje. Mwishoni mwa Oktoba ikaweka bei ya chini kabisa ya kuuzia nje, dola 800 kwa tani, ili asiuze nje ila mwenye mnunuzi tajiri. Desemba ikafunga mlango. Kule Lasalgaon, wilaya ya Nashik, kwenye soko kubwa la jumla la kitunguu kuliko yote barani Asia, minada ilisimama kwa maandamano.

Walifungua tarehe 4 Mei 2024, katikati ya uchaguzi mkuu, tena kwa bei ya chini kabisa, dola 550 kwa tani, na ushuru ule ule wa asilimia 40. Wakulima hawakusahau: majimbo ya uchaguzi ya Nashik na Dindori, kitovu cha kitunguu, yote mawili yalikwenda kwa upinzani. Septemba 2024 bei hiyo ya chini kabisa ikaondolewa na ushuru ukashuka hadi asilimia 20. Tarehe 1 Aprili 2025 ushuru nao ukafutwa.

Katika miezi ile 5 ya kufungwa, walioumia ni wanunuzi wa bwawa lile. Ndugu zetu walioko Dubai na Maskati waliona dukani bei ikiruka. Bangladesh ilitaabika kama ilivyotaabika mwaka 2019, India ilipofunga mara nyingine na Waziri Mkuu wao wa wakati huo, Sheikh Hasina, akasema akiwa Delhi kwenyewe kwamba amemwambia mpishi wake apike bila kitunguu. Misri ingeweza kuziba pengo, lakini nayo ilikuwa imejifungia kuanzia Oktoba 2023 ili bei ya ndani isipae. Waliofaidi ni wenye mzigo ulio tayari kupanda meli: uliochambuliwa kwa ukubwa, uliokaushwa, wa kontena zima la aina moja. Mzigo wa Mang'ola unapakiwa kwenye Fuso na kwenda Namanga. Mnunuzi wa Dubai hakujui, na wewe hukuwa na njia ya kumfikia kabla kitunguu chako hakijachipua.

Kama bado unaona kwamba uhaba wa nchi moja lazima umnufaishe kila mkulima duniani, kumbuka Ufilipino. Mwishoni mwa 2022 na Januari 2023 kitunguu chekundu kilifika peso 700 kwa kilo pale Manila, ghali kuliko nyama. Wahudumu wa ndege walikamatwa uwanjani wakiwa na makumi ya kilo za vitunguu na matunda walivyobeba kutoka Riyadh na Dubai. Na wakati huo huo kule India, kama nilivyokueleza, mtu anakwenda kulipwa rupia 1. Bahari moja inawatenganisha, na kitunguu hakikuvuka, kwa sababu kibali cha kuagiza kilichelewa.

Lakini lipo jambo moja la dunia lililokugusa kweli mwezi ule, nalo halikuwa bei. Ni joto la bahari. El Niño ile ile iliyoikausha India mwezi Agosti ndiyo iliyotumwagia mvua Oktoba hadi Desemba, pamoja na Bahari ya Hindi yenyewe kuwa na joto upande wetu. Unaikumbuka mvua ile. Ndiyo iliyoshusha mlima Hanang juu ya Katesh tarehe 3 Desemba. Wewe ulivuna katika unyevu huo. Ulisoma habari ya India kama habari ya soko, kumbe ilikuwa na habari ya hali ya hewa ndani yake, na hiyo ndiyo iliyokuwa yako.

Tena bei ya mwezi ule ilikuwa nzuri tayari! Kenya hula kitunguu kingi kuliko inacholima, na sehemu kubwa ya pengo huzibwa na sisi kupitia Namanga. Mwaka 2023 mzigo wetu ulikuwa mdogo, na rejareja Nairobi kilo ilivuka shilingi 200 za Kenya. Ulikuwa umekalia bei ambayo wakulima husubiri miaka kadhaa kuiona, ukawa unasubiri nyingine kutoka Lasalgaon.

Hivyo kwa kitunguu maji ninakuomba uangalie mambo machache ya karibu. La kwanza ni kalenda ya bwawa letu. Kwa kawaida kitunguu hukimbilia chini kuanzia Agosti hadi Oktoba, kwa sababu kila aliyemwagilia kiangazi anavuna: Mang'ola, Ruaha Mbuyuni, Ilula, Same, wote kwa mkupuo, na Wakenya nao wa Kajiado wanatoa chao. Bei hupanda kuanzia Februari au Machi na kuendelea wakati wa masika, kwa sababu kulima kitunguu kwenye mvua ni vita: magonjwa ya majani kama ubwiri unyoya na baka zambarau, na kukausha hakuwezekani. Kuuza Septemba kwa bei ya kutupa si bahati mbaya. Ni foleni, na wewe uliingia katikati yake.

La pili, na hili silioni likisemwa vya kutosha: bei ya msimu uliopita ndiyo inayopanda mbegu ya msimu huu. Watu wakiuza vizuri, hata mwalimu na bodaboda wanakodi jaruba. Wakiumia, nusu wanahamia mahindi na nyanya. Huna haja ya setilaiti kuliona hilo. Kabla hujahamisha miche yako, chukua pikipiki asubuhi moja, uzunguke mifereji uhesabu vitalu. Kisha pita duka la pembejeo, ununue kitu kidogo, na umuulize mwenye duka makopo mangapi ya mbegu ya kitunguu ameuza kuliko mwaka jana. Yeye anajua bei yako ya miezi 4 ijayo kuliko redio yoyote. Kama vitalu vimejaa kila kona, punguza eneo au sogeza tarehe yako. Wewe una maji ya chemchemi, unaweza kuhama kwa wiki 5 au 6, jambo ambalo anayetegemea mvua haliwezi. Na la tatu ni mpaka wenyewe: foleni ya Namanga, vibali vya mazao na mizigo ya Ethiopia ikiingia Nairobi kutokea kaskazini. Hayo muulize dereva wa Fuso.

Sasa ghala, maana humo ndimo ulimoumia.

Kitunguu kina tabia inayowashangaza wengi. Kinakaa vizuri kwenye baridi kali, karibu na nyuzi 0, kama wanavyofanya Ulaya. Kinakaa vizuri pia kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30, mradi hewa ipite na kisiguse maji. Katikati hapo, nyuzi 10 hadi 20, ndipo kinapoamka na kuchipua. Kwa hiyo Mang'ola yenye joto si mahali pabaya pa kuweka kitunguu. Wahindi huweka chao miezi 4, 5, kwenye vibanda virefu vyembamba vya mianzi vilivyoinuliwa kutoka ardhini, hewa inapita chini na ubavuni, bila umeme wowote, na bado hupoteza robo au zaidi. Kumbuka hiyo robo, tutairudia.

Kinachoamua kila kitu ni shingo. Chukua kitunguu kimoja uminye pale majani yanapotokea kwa kidole gumba na cha shahada. Kikiwa tayari kuwekwa, shingo inakuwa nyembamba na kavu kama kamba ya katani. Vidole vinakutana na hakuna kinachoteleza ndani. Ukihisi kitu laini kinasogea, kama bomba lenye ute, hicho kitunguu kina mlango wazi. Ukungu utaingia hapo na kushuka ndani, na kwa nje hutaona kitu mpaka wiki ya 3, pale gunia linapoanza kunuka. Shingo nene husababishwa na mambo mawili matatu tu: kumwagilia mpaka siku ya mwisho ili kitunguu kiwe kizito, kutupia urea kwa kuchelewa, na kung'oa kabla majani hayajalala. Simamisha maji wiki 2 hadi 3 kabla ya kuvuna, subiri zaidi ya nusu ya majani yaanguke yenyewe, ng'oa, kisha anika kivulini penye upepo siku 10 au zaidi, majani yakiwa yamefunika vichwa visiunguzwe na jua. Ukikata shingo, acha sentimita 2 au 3. Desemba 2023 hayo hayakuwezekana kwa mvua ile, na hapo jibu lilikuwa moja: uza. Bei haikukuangusha, kijana wangu, shingo ndizo zilizokuangusha.

Na hata kikikauka vizuri, piga hesabu kabla ya kufunga mlango wa ghala. Ukipoteza asilimia 20 kwa miezi 3, kwa kukauka, kuoza na kuchipua, bei lazima ipande asilimia 25 ili upate pesa ile ile ambayo ungeipata siku ya kuvuna. Ukipoteza 30, lazima ipande 43. Hapo bado hujamlipa mchambuaji wala mlinzi, wala riba ya mkopo wa mbolea kama unao. Kuanzia Septemba kwenda Januari mara nyingi hesabu hiyo inakubali. Kuanzia Desemba kwenda Februari, katika mwaka wa mvua, haikubali hata kidogo. Mimi ningeweka theluthi ya mzigo, ile iliyo bora, ya ukubwa wa wastani, na kuuza iliyobaki. Vile vinene vya kupendeza uza kwanza, havikai.

Nikiwa hapo kwenye hesabu, lumbesa. Sheria ya vipimo inakataza, Wakala wa Vipimo wanakamata, na bado kila msimu naona gunia la kilo 100 limeshonewa kilemba cha wavu juu mpaka linafika 130. Kila magunia 10 ya namna hiyo, magunia 3 umetoa sadaka. Watu wanalia na India huku wanaachia kilo 30 kwa kila gunia pale pale kwenye mti wa kupakia. Dalali atakwambia akikosa lumbesa kwako atahamia kwa jirani, na ni kweli, atahamia. Ndiyo maana hili halitatuliwi na mtu mmoja. Mkikubaliana watu 10 wa mfereji mmoja, mkanunua mizani moja, mkauza kwa kilo, mazungumzo yanabadilika.

Sasa saumu, na huku mambo ni kinyume kabisa.

Saumu ina bei ya dunia, na bei hiyo hupangwa mahali pamoja. Uchina huvuna takriban robo tatu ya saumu yote duniani. Ndani ya Uchina, jina la kulijua ni Jinxiang, wilaya moja ya jimbo la Shandong. Wanapanda mwanzoni mwa Oktoba, mmea unalala kwenye baridi, wanavuna mwishoni mwa Mei na Juni. Kiangazi chote saumu inaingizwa kwenye maghala ya baridi, na kufikia Septemba wafanyabiashara wameshahesabu tani ngapi zimefungiwa. Hesabu hiyo ndiyo bei ya mwaka. Kwa kuwa saumu ya ghala la baridi inakaa karibu mwaka mzima bila kuharibika, watu wasio na jembe wala shamba huinunua kama wanavyonunua hisa. Mwaka 2009 na 2010 bei ilipaa kwa walanguzi hao mpaka Wachina wakatunga mchezo wa maneno wa kuisema saumu kuwa ni katili. 2016 ikapaa tena. Kisha kila mtu akapanda, ikaporomoka. Ni hadithi yako ya vitalu vya Mang'ola, ila ya ukubwa wa taifa na yenye friji.

Nchi nyingi zimejenga ukuta. Marekani tangu 1994 inaitoza saumu ya Uchina ushuru unaofika karibu asilimia 377 kwa kampuni zisizo na kiwango chake maalumu, vinginevyo wakulima wa California wangekuwa wamesahaulika. Ulaya ina mgao maalumu wa kiasi cha kuingiza. Ukiuzidisha unalipa asilimia 9.6 na juu yake euro 1,200 kwa kila tani, na kivuli hicho ndicho kinachoiwezesha Las Pedroñeras ya Uhispania kuendelea kujiita mji mkuu wa saumu. Aliyeacha mlango wazi ni Indonesia. Katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa inakaribia kujitosheleza. Biashara ikafunguliwa, na ndani ya miaka michache mashamba ya milimani yakaisha. Leo zaidi ya asilimia 90 ya saumu inayoliwa kule inatoka nje, na mwaka 2017 serikali iliamua kumlazimisha kila mwagizaji apande sehemu ya kile anachoagiza, asilimia 5, ili nchi irudi kujitosheleza. Februari 2020, korona ilipoanza Uchina, bei ya saumu Jakarta iliruka kabla hata ugonjwa wenyewe haujafika.

Kwetu nayo inaingia, kupitia Mombasa na Dar es Salaam. Nenda Kariakoo ushike mbili mkononi. Ile ya Uchina ni nyeupe, kubwa, ngozi safi, na kitako chake kimekwanguliwa mizizi yote mpaka pana kishimo. Ya Mbulu ni ndogo, ina michirizi ya zambarau, na kitakoni imebaki na ndevu kavu za mizizi. Ponda punje moja ya kila aina: ya Mbulu inakuliza. Mpishi wa pilau anaijua tofauti na atailipia. Mwenye chipsi anayetaka kumenya haraka hailipii, kwa sababu punje moja ya Uchina ni sawa na nne zako. Hivyo ukiingia kwenye saumu, unashindana na ghala la Jinxiang kila siku ya soko. Wao wakivuna sana Juni, mwisho wa mwaka utaiona hapa, kwa bei ambayo mkulima wa Mbulu hawezi kushindana nayo. Wakipata baridi mbaya ya Machi, wewe unacheka. Habari ya Uchina kwenye saumu ni yako kweli. Hiyo kaka yako akutumie.

Lakini kabla ya bei, iko Mang'ola yenyewe. Uko bondeni, kando ya Eyasi, kwenye joto. Saumu inahitaji baridi ili igawanyike punje. Isipoipata hutoa kichwa kimoja kisichogawanyika, kama kitunguu kidogo cha mviringo. Ndugu zetu wa Mbulu wana mwinuko na usiku wa Juni wa kuvaa koti. Wewe huna. Bei ya kilo inayokuvutia inabeba pia gharama usiyoiona: saumu haina mbegu ya kopo. Unapanda punje, kilo 200 hadi 300 kwa ekari, na unazinunua kwa bei ya chakula. Kitunguu ukipata hasara umepoteza kilo 2 za mbegu. Saumu ukipata hasara umepoteza magunia uliyoyafukia mwenyewe. Na mavuno yakija, sehemu nzuri huiuzi, unairudisha ardhini.

Kwa hiyo usiache kitunguu. Kama damu inakuchemka kwa saumu, kodi robo ekari huko juu Mbulu, kwa mtu unayemjua, upande masika ikielekea mwisho ili ikue kwenye baridi. Ifanye misimu 2 bila kuuza zaidi ya nusu, mpaka uwe na mbegu yako uliyoichagua, vichwa vikubwa visivyo na doa.

Na nakusihi jambo moja: usinunue saumu nyeupe ya sokoni ukaichomeka Mang'ola kujaribu. Najua bei yake inashawishi na punje zake ni kubwa. Kwanza ni ya siku ndefu za kaskazini, itakupa majani. Pili, inaweza kubeba ukungu unaoozesha kitako kwa uzi mweupe wenye vipunje vyeusi mfano wa ulezi uliosagwa. India ilizuia saumu ya Uchina mwaka 2014 kwa kuogopa vimelea vya ukungu. Huo wa uzi mweupe haubagui saumu na kitunguu maji, na vile vipunje vinakaa udongoni miaka 20 na zaidi vikisubiri harufu ya mzizi wa kitunguu. Maji ya mfereji wenu yanapita shamba hadi shamba. Ukiuona popote, hata kwenye shamba la jirani, usichimbe wala usihamishe udongo kwa jembe. Ita bwana shamba siku hiyo hiyo, na jembe lako lioshe kabla hujavuka kwenda jaruba jingine.